Shajara ya Mradi: Nusu ya Pantheon kwa Chokaa na Pozolana

6 Septemba

Leo tumekubaliana mambo matatu, nami ninayaandika kabla hayajabadilika. La kwanza ni kwamba jengo tutakalolifanyia mfano ni Pantheon ya Roma, hekalu la kale la duara lenye kuba, si uwanja wa Colosseum kama vijana walivyotaka mwanzoni, kwa kuwa Colosseum ni kazi ya kurudia tao lile lile mara nyingi, ilhali Pantheon ni chumba kimoja kinachomlazimu fundi kufikiri upya kila anapopanda hatua moja. La pili ni kwamba hatutatumia kadibodi wala jasi tupu. Tutamimina zege ya chokaa na majivu ya volkano, kwa namna inayokaribiana na ile ya Warumi wenyewe. La tatu ni kwamba tutajenga nusu tu, iliyokatwa kutoka mlangoni upande wa kaskazini hadi kwenye shubaka kubwa la kusini, ili mtazamaji auone unene wa ukuta na wa kuba kwa macho yake.

Kipenyo cha ndani ni meta 43.3, na kimo cha kutoka sakafuni hadi kwenye tundu lililo kileleni mwa kuba ni hicho hicho, kwa hiyo mpira wa kipenyo hicho ungeenea humo barabara na kugusa sakafu. Kwa kipimo cha 1:50 tunapata sentimeta 86.6. Ukuta wa duara una unene wa takribani meta 6, ambazo kwetu ni sentimeta 12. Kuba inaanza na unene unaokaribiana na huo, kisha inapungua hadi meta 1.2 hivi kwenye ukingo wa tundu, ambazo kwetu ni milimeta 24. Kijana wa useremala alipozisikia tarakimu hizi alipiga hesabu ya uzito kwenye kipande cha plaiwudi, akaniuliza, “Mwalimu, hiyo meza ya kubeba mzigo huu iko wapi?” Sikuwa na jibu, na hadi naandika bado sina.

14 Septemba

Nimetoka kwa mzee mmoja anayechoma chokaa nje kidogo ya mji wa Tanga. Nilimweleza kwamba nataka chokaa mbichi, yaani ile ambayo haijazimwa kwa maji, na kwamba nitaizima mwenyewe. Alinitazama kwa muda, akaniuliza ninajenga nini, nilipomwambia ni nyumba ndogo ya mfano alicheka, akasema, “Mwanangu, chokaa haina haraka. Mwenye haraka anunue saruji.” Alinipimia magunia mawili, akanionya nisiyaache pahali penye unyevu na nisiizime ndani ya ndoo ya plastiki. Onyo la pili nimelithibitisha leo jioni: maji yalipoigusa, karai la bati lilichemka kama sufuria ya ugali, na mvuke ukatufukuza sote kutoka karakana.

Pozolana, yaani yale majivu ya volkano, tumeipata kutoka Holili, mkoani Kilimanjaro, ambako huchimbwa kwa ajili ya viwanda vya saruji. Jina lenyewe linatokana na mji wa Pozzuoli karibu na Naples, na Vitruvius, mjenzi wa Kirumi wa karne ya 1 KK, aliandika kuhusu unga wa sehemu hizo ambao ukichanganywa na chokaa na kokoto hushikana hata chini ya maji ya bahari. Binti wa uashi, ambaye amewahi kushiriki katika ukarabati wa nyumba za zamani, aliuliza tofauti iko wapi hasa, maana kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani nazo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Tofauti ni kwamba chokaa tupu hukauka kwa kuvuta hewa ya kaboni polepole kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo ukuta mnene unaweza kubaki laini katikati kwa muda mrefu sana; pozolana ina madini ya silika na alumina yanayoshikana na chokaa yenyewe, hata pasipo hewa. Bila ya hilo, hakuna mtu ambaye angethubutu kumimina ukuta wa meta 6.

Vitruvius anataja sehemu tatu za mchanga wa kuchimba kwa sehemu moja ya chokaa. Tumechukua uwiano huo huo kwa pozolana.

27 Septemba

Meza ya kwanza imekufa. Tulikuwa tumeiweka mifuko ya mchanga ya kupimia, na miguu miwili ikapanuka taratibu, kama ng'ombe anayelala, huku sisi tukiitazama. Fundi wa kuchomelea aliye jirani ametutengenezea fremu ya chuma yenye magurudumu manne ya toroli. Magurudumu niliyaomba mimi, kwa sababu ambayo vijana hawajaielewa bado: siku kazi itakapokamilika nataka tuitoe uani, juani.

4 Oktoba

Siku ya vipande vya majaribio, na kwangu ndiyo siku bora zaidi hadi sasa. Pantheon haikumiminwa zege ya aina moja kutoka chini hadi juu. Katika msingi Warumi waliweka mapande ya travatini, jiwe zito la chokaa. Ukutani walianza na travatini na tufu, ambalo ni jiwe la volkano, wakaendelea na tufu na vipande vya tofali, kisha tofali peke yake. Katika kuba waliendelea na tofali, wakachanganya tofali na tufu jepesi, na karibu na tundu la juu wakaishia na mawe mepesi kabisa ya volkano, yakiwamo ya pumisi, lile jiwe lenye vitundu ambalo watu hulitumia kusugulia visigino. Inakadiriwa kwamba meta moja ya ujazo ya zege ya msingi ina uzito wa kilo 2200 hivi, na ile ya juu kabisa kilo 1350.

Tulimimina vipande vitatu vya sentimeta 10 kila upande. Cha kwanza kina kokoto za mawe ya chokaa ya hapa Tanga, cha pili kina tofali la kuchoma lililopondwapondwa na kuchekechwa, na cha tatu kina pumisi tuliyoletewa kutoka Rungwe, ambayo binti wa uashi alikataa kuiamini hadi alipoitia ndani ya ndoo ya maji na kuiona ikielea. Mizani ya duka la jirani imetupa kilo 2.1, kilo 1.7 na kilo 1.2. Kila mtu aliyeingia karakana leo tulimshikisha kipande cha kwanza mkono wa kulia na cha tatu mkono wa kushoto, na kila mmoja alishangaa. Nadhani hii inaeleza kuba ile kuliko mchoro wowote nilioutumia darasani kwa miaka yote.

19 Oktoba

Ukuta umefika nusu. Tunamimina kwa matabaka ya sentimeta 4, tunashindilia kwa kipande cha mti, tunafunika kwa magunia mabichi, tunasubiri. Nilidhani kazi ya ukuta ingekuwa ya kuchosha, kumbe ndiyo inayonifundisha zaidi. Ukuta wa Pantheon, ingawa kwa nje unaonekana kama ngome nene isiyo na upenyo, kwa hakika ni nguzo nane kubwa zilizosimama katika duara, na kati yake kuna mashubaka makubwa saba pamoja na mlango. Hata ndani ya nguzo zenyewe mna vyumba vitupu ambavyo mtu aliye sakafuni havioni. Uzito wa kuba hauwezi kushuka moja kwa moja juu ya mashubaka, kwa hiyo wajenzi walipachika ndani ya ukuta matao makubwa ya tofali yanayoupeleka uzito pembeni hadi kwenye nguzo. Matao hayo yanaonekana hadi leo kwa nje, kwa kuwa kule nje tofali zimeachwa wazi.

Tumeyatengeneza matao yetu kwa vipande vya tofali vya milimeta 12, tulivyovikata kwa msumeno wa chuma mmoja mmoja. Kijana wa useremala alipendekeza tuyachore tu kwa rangi juu ya plasta, kwa kuwa hakuna atakayejua. Nilimwambia kwamba upande uliokatwa utamjulisha kila mtu. Hakupendezwa, lakini amekata tofali 160, na kwa haki niandike kwamba za mwisho ni nzuri kuliko zangu.

Tumeamua pia kuviacha ndani ya mota vijipande vyeupe vya chokaa. Mwanzoni nilikuwa nikivichekecha na kuvitupa, kwa kuwa fundi yeyote aliyefundishwa vizuri huviona kuwa ni uchafu. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, waliochunguza zege ya ukuta wa mji wa kale wa Privernum nchini Italia, walionyesha kwamba vijipande vya namna hiyo vilitokana na chokaa mbichi iliyochanganywa ikiwa bado inachemka, na kwamba ufa ukitokea na maji yakipita humo, chokaa ya vijipande hivyo huyeyuka na kuja kuuziba. Sijui mzee wangu wa chokaa angesemaje. Nimemwekea kipande, siku nikienda nimwonyeshe.

8 Novemba

Ishirini na nane. Tangu Jumatatu hakuna neno jingine karakana hii.

Upande wa ndani wa kuba umepambwa kwa vishubaka vya mraba vilivyozama ndani, safu tano, na kila safu ina vishubaka 28 vinavyozidi kupungua ukubwa kadiri vinavyopanda. Sisi tunahitaji nusu yake, yaani 14 kwa kila safu, 70 kwa jumla. Tukaanza kugawa duara kwa bikari na rula, kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha: sehemu mbili, nne, nane, kumi na sita. Zile za sakafuni na ukutani zinakubali, kwa kuwa jengo lote la chini limepangwa kwa nane na kumi na sita. Vishubaka vya juu vinakataa. Ishirini na nane ni nne mara saba, na duara haligawanyiki sehemu saba kamili kwa bikari na rula peke yake, jambo ambalo hisabati ilikuja kulithibitisha karne nyingi baadaye. Kwa hiyo fundi wa Kirumi alilazimika kujaribu, kupima, kusogeza kidogo na kujaribu tena hadi sehemu zote zilingane. Matokeo yake ni kwamba mistari ya kuba na mistari ya ukuta hukutana katika pande nne tu kuu, na kwingineko kote hupishana. Anayesimama katikati hapati kutaja ni nini hasa, ila anaiona kuba kana kwamba imetengana na ukuta na inaelea.

Kwa nini walijipa taabu hii? Wako wanaokumbusha kwamba 28 ni namba kamilifu, kwa kuwa 1, 2, 4, 7 na 14 zikijumlishwa zinarudi kuwa 28, na wako wanaotaja siku za mwezi mwandamo. Mimi sina upande. Ninachojua ni kwamba aliyechagua 32 angemaliza kazi siku moja, na aliyeichagua 28 alijua anachokifanya.

Kwetu umbali kati ya alama na alama kwenye ukingo wa chini wa kuba unatakiwa kuwa milimeta 97. Jaribio la kwanza lilituacha na pengo la milimeta 11 mwishoni. La pili, pengo la milimeta 4. La tatu tulilifanya kwa ukanda wa karatasi tulioukunja, na kijana wa useremala akapiga alama kwa msumari badala ya penseli, kwa kuwa unene wa risasi ya penseli ukijirudia mara kumi na nne unakuwa kosa. Zimelingana.

22 Novemba

Kalibu zote 70 za vishubaka ziko tayari, ukubwa wa aina tano, kila moja ikiwa na ngazi zake. Ngazi hizo hazikukaa sawasawa pande zote; zimesogezwa makusudi ili anayezitazama kutoka sakafuni katikati azione zimekaa vizuri. Tatu zilivunjika wakati wa kuzitoa, tukazirudia.

6 Desemba

Tumeanza kuimimina kuba. Mbavu kumi na tano za plaiwudi zimefunikwa kwa udongo wa mfinyanzi uliosawazishwa kwa ubao wa duara, kalibu zimepigiliwa juu yake, na zege inalazwa kutoka nje kwa mwiko, ukanda baada ya ukanda. Ukanda wa kwanza ni wa tofali tupu. Wa tatu tulichanganya tofali na pumisi. Wa mwisho, unaozunguka tundu, ni pumisi peke yake, na binti wa uashi aliulaza pasipo kuzungumza na mtu kwa muda wa saa moja na nusu, akitumia kijiko cha chai pale ambapo mwiko haukufika.

Tundu lenyewe, jicho la kuba, liko wazi kwa anga tangu siku ya kwanza. Mvua huingia, na sakafu ya marumaru imeinuliwa kidogo katikati, ina vitundu vya kupitishia maji. Wageni huuliza kwa nini halikuzibwa. Swali la fundi ni tofauti: hapo juu zege yote inasukumana kuelekea katikati, kwa hiyo pete ya ukingo inabanwa pande zote na haihitaji kitu cha kuishikilia. Ungeliziba ungeongeza uzito pale pale unapojitahidi kuupunguza.

20 Desemba

Tumepata ufa.

Niueleze kwa utulivu. Upepo wa kaskazi umeanza kwa nguvu wiki hii, hewa ni kavu, na kwa siku mbili ambazo sikuwapo magunia hayakumwagiwa maji ipasavyo. Lawama ni yangu, kwa kuwa sikuacha maagizo yaliyo wazi. Leo asubuhi nilikuta mstari mwembamba kama unywele unaoanzia kwenye ukingo wa chini wa kuba, juu ya shubaka la magharibi, ukipanda wima kupita safu mbili za vishubaka na kuishia katikati ya safu ya tatu. Juu ya hapo hakuna kitu. Sehemu ya pumisi ni nzima kabisa.

Binti wa uashi alitaka tuivunje kuba yote na kuanza upya. Nilimwomba asubiri hadi jioni, nikawasimulia jambo ambalo nilikuwa nimelihifadhi kwa ajili ya mwisho wa mradi. Pantheon yenyewe ina nyufa. Alberto Terenzio, aliyeichunguza kuba wakati wa ukarabati wa miaka ya 1930, aliziorodhesha: zinapanda wima kutoka chini, zimeenea katika nusu ya chini ya kuba, na nyingi zinalingana na mahali ambapo ukuta wa chini una vyumba vitupu. Katika sehemu ya chini kuba yoyote hutaka kupanuka, kama kikapu kilichojazwa kupita kiasi, na zege haiwezi kuvutwa. Wamarekani wawili, Robert Mark na Paul Hutchinson, walilifanyia hesabu jambo hili kwa kompyuta mwaka 1986, wakaonyesha kwamba kuba iliyopasuka namna hiyo hukoma kufanya kazi kama bakuli moja na kuwa msururu wa matao yanayoegemeana juani na mvuani. Kinachoyazuia matao hayo yasifunguke ni unene wa ukuta pamoja na zile pete saba zilizopangwa kama ngazi kwa nje juu ya mabega ya kuba, ambazo huukandamiza uzito pale unapotakiwa. Vishubaka, ambavyo vitabu vingi husema vilichimbwa ili kupunguza uzito, vinapunguza kidogo sana.

Sasa lipo jambo la kukiri. Pete hizo saba sisi tulikuwa bado hatujaziweka. Nilikuwa nimeziandika katika ratiba ya Februari, chini ya kichwa “mapambo ya nje”.

10 Januari

Pete zimemiminwa, na ufa umebaki. Tuliupitishia maji kwa brashi kila asubuhi na jioni, na leo sehemu yake ya juu imefunga kwa unga mweupe. Ya chini bado inapitisha wembe.

Nisijidanganye, wala nisiwadanganye vijana. Ufa wetu ni wa kukauka kwa haraka, si wa uzito, na kufanana kwake na nyufa za Roma hakuthibitishi lolote. Mfano mdogo ni mwongo katika jambo hili: ukilipunguza jengo mara 50, uzito wake unapungua kwa kasi kubwa kuliko eneo linaloubeba, kwa hiyo mkazo ndani ya zege yetu ni mdogo mara 50 kuliko wa kule. Nusu yetu ingesimama hata tungeimimina kwa uji. Kinachofanana ni utaratibu wa kazi, na katika utaratibu huo nilikosea kwa kuziona pete kuwa ni pambo.

Tumepiga kura kuhusu kuvunja au kuuacha ufa. Wawili dhidi ya mmoja, tumeuacha, na aliyeshindwa ametaka iandikwe hapa kwamba hakukubali.

31 Januari

Baraza ya mbele. Nguzo zake ni 16, nane zikiwa mstari wa mbele. Kwa nusu yetu ni nane. Kila moja ni jiwe zima la itale lenye urefu wa futi 40 za Kirumi, karibu meta 12, na uzito unaokaribia tani 60. Zile za kijivu za mbele zilichongwa Mons Claudianus, katika jangwa la mashariki la Misri, zikaburutwa zaidi ya kilometa 100 hadi mto Nile, kisha zikapelekwa kwa maji hadi bahari ya kati na kuvushwa hadi Roma. Zile za rangi ya waridi zinatoka Aswan. Sisi tumezichonga kutoka kwa mti wa mvule na kuzipaka rangi, na sitatoa udhuru.

Anayelitazama jengo kwa ubavu ataona kitu cha ajabu: juu ya pembetatu ya paa la baraza, kwenye ukuta unaoliunganisha na duara, kuna alama ya pembetatu nyingine, ya juu zaidi, isiyofunika kitu. Maelezo yanayonivutia kuliko mengine ni kwamba baraza ilichorwa kwa nguzo za futi 50, mawe ya urefu huo hayakupatikana kwa wakati, na msimamizi akalazimika kuishusha yote ili ikubali nguzo za futi 40. Ni nadharia, si ushahidi. Hata hivyo fundi yeyote aliyewahi kuletewa boriti fupi kuliko alizoagiza ataielewa. Kijana wa useremala aliposikia habari hii aliichonga pembetatu ya juu kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote alichokifanya tangu Septemba.

14 Februari

Maandishi ya mbele yamekamilika, nusu yake, kwa kuwa tumekata jengo: kwetu yanaanza katikati ya neno. Yakiwa kamili yanasomeka M·AGRIPPA·L·F·COS·TERTIVM·FECIT, yaani Marcus Agrippa, mwana wa Lucius, konsuli (ofisa mkuu wa Roma) kwa mara ya tatu, alijenga. Agrippa alikuwa konsuli kwa mara ya tatu mwaka 27 KK, na kwa karne nyingi watu waliamini kwamba jengo lililosimama ni lake. Mihuri ya watengenezaji iliyogongwa kwenye tofali ilisema vingine: jengo la Agrippa liliungua mwaka 80 BK, lililofuata likapigwa na radi mwaka 110, na hili tunaloliona lilianza pengine mwishoni mwa utawala wa Trajan na kumalizwa chini ya Hadrian, mfalme aliyemfuata, miaka ya 120. Hadrian aliliandika jina la Agrippa, si lake.

Paa la baraza tumelifunika kwa bati la kopo. Lile la kweli lilikuwa na boriti za shaba nyeusi hadi Papa Urban wa Nane, wa ukoo wa Barberini, alipoziondoa mwaka 1625 na sehemu kubwa ikayeyushwa kuwa mizinga. Watu wa Roma wakasema kwamba wasichokifanya washenzi, wamekifanya Barberini. Kuba yenyewe ilinusurika kwa sababu mwaka 609 jengo lilifanywa kanisa, na kanisa hukarabatiwa.

7 Machi

Mradi umekamilika jana jioni, ukiwa na uzito wa zaidi ya kilo 200 kwa makadirio ya fundi wa kuchomelea. Leo tumeutoa uani kabla masika hayajaanza.

Kule Roma jua la adhuhuri hushuka kwa pembe tofauti kila msimu. Wakati wa baridi liko chini, na duara la mwanga linalopita kwenye jicho la kuba hubaki juu, kwenye vishubaka; wakati wa joto hufika sakafuni. Tarehe 21 Aprili, ambayo Warumi waliiadhimisha kuwa ni siku ya kuzaliwa kwa mji wao, jua la adhuhuri liko karibu nyuzi 60, na mwanga huangukia mlangoni. Wako wanaosema ilipangwa hivyo ili mfalme aingie akiwa amewaka. Sisi hapa Tanga adhuhuri ya siku hizi jua liko utosini, kwa hiyo tulihitaji kulivizia asubuhi linapopanda kutoka mashariki. Tuligeuza meza, mlango ukaelekea magharibi, upande uliokatwa ukalingana sawasawa na mstari wa jua, tukaufunika kwa shuka nyeusi na kuacha upenyo wa kuchungulia. Kisha tukasimamisha kijiti cha sentimeta 100 kwa timazi, na kijana wa useremala akakaa chini na rula.

Saa tatu kamili, nusu duara la mwanga lilikuwa kwenye safu za chini za vishubaka. Saa tatu na dakika 35 kivuli kililingana na kijiti, na mwanga ukafika mahali kuba inapokutana na ukuta, jambo linalotakiwa kutokea pembe ikiwa nyuzi 45. Tuliendelea kusubiri. Wingu lilikuja, likakaa, likaondoka. Kijana alikuwa akisoma kwa sauti: sabini, sitini na sita, sitini na mbili. Aliposema hamsini na nane, mimi na binti wa uashi tulikuwa tumebanana chini ya shuka, na nusu duara lilikuwa limeshuka ukutani, limejaa nusu ya mlango wetu kutoka kizingiti hadi juu ya fremu, likiangaza hadi kwenye mvule uliopakwa rangi nje. Alipiga alama ya penseli pembeni yake. Tulipotoka nje kumwita mwenzetu aje aone, na tukapoteza dakika moja tukibishana nani ashike kijiti, mwanga ulikuwa umekwisha kusogea kuelekea sakafuni, na ilimbidi aridhike na kizingiti.